Gari Lililongoja Mwezi Uandame

Mahmoud alikuwa fundi umeme, na fundi umeme akinunua gari la umeme, mtaa hauwezi kunyamaza. Kuna waliosema atakuwa analiunganisha kwenye nguzo ya barabarani watu wakilala. Haji kinyozi, jirani wa mlango wa pili, alisema kitu kisichonguruma si gari bali ni friji lenye magurudumu, na neno hilo likapendwa hadi sokoni. Mahmoud alicheka pamoja nao. Mtu mwenye jambo lake moyoni hasumbuliwi na vijembe.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mama yake, Bi Kuruthumu, alibakiwa na dada mmoja tu duniani, Mwaija, aliyeolewa Saadani na kuzeekea huko huko. Kutoka Bagamoyo hadi Saadani si safari ya kuagia mtaa mzima; mtu akiondoka asubuhi, adhuhuri anaiswali huko. Lakini kwa Bi Kuruthumu, Saadani ilikuwa mbali kuliko Maka. Yeye na harufu ya petroli hawakupatana tangu ujana. Akipanda gari, kabla ya Makurunge moyo umeshamchafuka, ataomba lisimame, atatapika, ataomba lisimame tena. Mara ya mwisho kwenda huko ilikuwa msiba wa mume wa Mwaija, na alifika hoi kiasi kwamba wafiwa waliacha kulia wakaanza kumpepea yeye. Mwaija, mjane wa siku ile ile, ndiye aliyeinuka kumkorogea maji ya ndimu.

Aibu hiyo Bi Kuruthumu hakuisahau. Akaapa hatapanda tena gari. Mwaija naye magoti yalikuwa yamekwisha kumkataa. Basi ndugu wawili wakabaki kuonana kwa sauti, kila Ijumaa baada ya swala, simu ikiwekwa spika, kila mmoja akimpigia mwenzake kelele kana kwamba anamwita ng'ambo ya mto.

Siku moja Mahmoud akiwa anatengeneza taa kwenye hoteli ya ufukweni alimkuta mgeni mwenye gari la umeme. Akaomba kukaa ndani kidogo. Akafunga mlango, akavuta pumzi ndefu, akaitafuta ile harufu ambayo imemfunga mama yake miaka yote. Hakuipata. Palinukia viti vipya tu. Wazo likamwingia pale pale, na halikumtoka tena.

Hakumwambia mama yake. Alimjua vizuri. Angeambiwa mapema angekataa gharama, na kama asingekataa, angeanza kutapika siku hiyo hiyo kwa kulifikiria tu. Wala hakumwambia mkewe, Dija, maana Dija na mama mkwe wake walikuwa chanda na pete, na siri ya mmoja ilikuwa lazima ilale kwa mwingine. Kwa hiyo nyumbani walijua tu kwamba baba wa nyumba ananunua gari la kazi, la kubebea waya na ngazi. Akachimbua ukuta wa nje, akapitisha waya mnene, akafunga soketi kubwa ya kuchajia. Alichotaka ni kufungua mlango wa gari siku moja na kusema, "Mama, panda twende kwa dada yako."

Gari lilipofika kwenye yadi ya Tegeta alikolinunua, akapigiwa simu akalichukue. Akawaaga wa nyumbani, akavaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumatatu, akapanda basi.

Aliyempokea ni Hajra, msichana mchangamfu mwenye kazi ya kukabidhi magari kwa wenyewe. "Karibu bosi, mzigo wako huo hapo," alisema. Na kweli lilikuwapo, jeupe, limeoshwa, linajiona. Mahmoud akalizunguka, akalipapasa, akalizunguka tena. Hajra akaingia ofisini kupokea simu. Simu ikawa ndefu. Alipotoka, uchangamfu ulikuwa umemwishia.

"Samahani sana," alisema akitazama viatu vyake. "Kumbe kibao cha namba hakijakamilika. Labda wiki ijayo."

Wiki iliyofuata kibao cha namba kilikuwa kimefungwa mahali pake, lakini waya wa kuchajia, alisema Hajra, umekuja wa aina nyingine. Mahmoud akaomba auone, maana waya ndiyo kazi yake. Hajra akasema umerudishwa stoo. Basi twende stoo. Mwenye ufunguo wa stoo amefiwa. Mahmoud akatoa pole kwa mfiwa asiyemjua, akarudi Bagamoyo na basi. Safari ya tatu, kompyuta ya gari ilikuwa inangoja kitu kutoka kwa waliolitengeneza.

"Kitu gani?"

"Ni mambo ya kitaalamu kidogo, mjomba. Mama hajambo nyumbani?"

Mahmoud alilisikia hilo neno. Siku ya kwanza alikuwa bosi, sasa amekuwa mjomba, na mama yake anaulizwa hali. Akajisemea kwamba wauza magari wa Dar wana kila namna ya kumlainisha mtu, lakini yeye si wa kulainishwa na salamu.

Huko nyumbani soketi ilikuwa haikai bure. Haji kinyozi alianza kwa kuomba kuchaji simu. Kisha akaleta mashine ya kunyolea. Kisha akaleta kiti na kioo, na ghafla wateja wake wote wakawa wananyolewa chini ya ukuta wa Mahmoud, maana pale, alisema, umeme ni mbichi. Kila Mahmoud aliporudi kutoka Tegeta mikono mitupu alipita katikati ya vichwa vilivyopakwa povu, na kila kichwa kilikuwa na swali.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, ndugu yangu," Haji alimwambia. "Nenda na mwanasheria. Hao wameshaliuza kwa mtu mwingine."

Bi Kuruthumu alikuwa barazani na ungo wake wa mchele. "Kawia ufike," alisema taratibu. "Gari si mkate, kwamba litapoa."

Mahmoud akastaajabu jinsi mama yake alivyokuwa na subira kwa gari ambalo hata rangi yake haijui.

Yeye subira ilianza kumwisha, na si kwa sababu ya vichwa vya Haji. Amiri, mtoto wa Mwaija, alimpigia simu kutoka Saadani. Mama hali chakula vizuri, alisema. Akila vijiko viwili anasukuma sahani. Anamtaja mdogo wake mchana kutwa, na jana amesema atakufa hajamshika mkono. Mahmoud akakata simu, akakaa kwenye kifurushi cha waya, na kwa mara ya kwanza akaogopa. Kwa mama yake alieleza nusu tu, kwamba Mama mkubwa anaumwaumwa. Kesho yake akaenda Tegeta akiwa amekula yamini kwamba leo haondoki bila gari.

"Sina safari nyingine," alimwambia Hajra, akavuta kiti akakaa. "Nitakaa hapa. Nitaswali hapa. Mkifunga, mnifungie ndani."

Hajra alibabaika. Akaenda huku, akarudi, na kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri na hakuweza kumwacha mtu mzima akae bure, akamwekea chai na kisahani cha visheti. Mahmoud alichukua kimoja kwa hasira, akakitia kinywani, akatafuna. Kisha akaacha kutafuna.

Palikuwa na iliki, na iliki kila mtu anatia. Lakini kwenye ile sukari iliyoganda juu palikuwa na ganda la ndimu, limekunwa jembamba, lina uchungu kidogo mwishoni. Yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kuchuma ndimu hizo tangu akiwa na kaptura. Bagamoyo nzima hakuna mwingine anayevipika hivyo.

"Hivi visheti umevipata wapi?"

"Nimeletewa, mjomba."

"Na nani?"

Hajra akakunja ncha ya mtandio wake. "Mjomba, mimi nimelelewa na bibi. Mtu mzima akiniomba jambo kwa adabu siwezi kumkatalia, na akiniambia nisiseme, siwezi kusema. Lakini wewe ukilitaja jina, mimi nitanyamaza tu."

"Bi Kuruthumu," alisema Mahmoud.

Hajra akanyamaza, akanyamaza sana, mpaka machozi yakamtoka, kisha kila kitu kikatoka. Ile simu ya siku ya kwanza ilikuwa ya Bi Kuruthumu, aliyeitoa namba kwenye risiti mara tu mwanawe alipogeuza mgongo. Alisalimia, akauliza hali, akauliza wewe ni mtoto wa nani na kwenu wapi, na kabla salamu hazijaisha ikajulikana kwamba Hajra ni mjukuu wa Mwanvita wa Dunda, aliyechezwa unyago pamoja na Bi Kuruthumu. Baada ya hapo haikuwa tena habari ya mteja na yadi. Ikawa bibi na mjukuu, na bibi aliomba kitu kimoja tu, gari lisitoke mpaka mfungo tano uishe. Visheti vilikuwa vinakuja na basi kila wiki. Meneja mwenyewe alikuwa ameanza kuviulizia.

Mahmoud akafumba macho. Mfungo tano, mwezi wa Safar, ambao wazee wa pwani hawaozi, hawahami wala hawaanzi safari. Sheikh wa msikiti wao amekwisha kusema mara nyingi kwamba siku zote ni za Mungu na hakuna mwezi wenye nuksi, na Bi Kuruthumu humsikiliza kwa heshima zote, kisha hurudi nyumbani akaendelea kuogopa. Alikuwa na sababu yake. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori. Mwezi huo huo alikabidhiwa lori jipya na tajiri wake, akaondoka nalo kwenda Msata kupakia mahindi, na aliyeletwa jioni alikuwa maiti. Mtu aliyeyaona hayo hatolewi hofu kwa hotuba.

"Lichukue, mjomba," Hajra alisema, akamwekea ufunguo mkononi. "Nitamwambia bibi nimeshindwa."

Mahmoud akautazama ufunguo. Gari ni lake, halali yake, hatua chache tu kutoka alipokaa. Lakini akilichukua kwa kumvunjia mama yake neno, mama yake hatalikanyaga leo wala mwakani, na gari ambalo mama halipandi lilikuwa na faida gani? Ngazi alikuwa akizibeba kwa baiskeli siku zote. Akamrudishia Hajra ufunguo, akamaliza visheti vilivyobaki kwa sababu vilikuwa vitamu, akarudi kwao na basi.

Njia nzima aliyapanga maneno makali. Kufika nyumbani akamkuta mama yake barazani, akamwamkia, akaitikiwa marahaba baba, pole na safari, na maneno makali yote yakayeyuka. Mtoto wa pwani amsimamie mama yake kumhoji, aanzie wapi? Akakaa chini karibu na ungo.

"Mama, lile gari unajua nimelinunua la nini?"

"La waya na ngazi."

"Ngazi haiingii mle." Akavuta pumzi. "Halinywi petroli, mama. Halina moshi wala harufu, nimekaa ndani ya moja nikanusa mwenyewe. Nimelinunua ili ufike kwa dada yako bila kutapika. Nilitaka usijue mpaka siku hiyo. Na Mama mkubwa si kwamba anaumwaumwa tu. Anaumwa kweli, hali chakula, na anakutaja."

Vidole vya Bi Kuruthumu vikasimama juu ya mchele. Dija, aliyekuwa mlangoni, akaondoka polepole maana yeye ndiye aliyekuwa akivipeleka visheti stendi.

"Nimemfungia dada yangu mlango kwa mkono wangu mwenyewe," alisema Bi Kuruthumu, na machozi yakamtiririka bila kuyafuta. "Nilikuwa nakuogopea wewe. Nilikuona unaondoka na kanzu yako nikamwona baba yako." Kisha akamgeukia. "Ulijuaje kwamba ni mimi?"

"Nimeonja visheti."

Mama akamtazama, na katikati ya kilio kicheko kikamponyoka. "Ningekaanga maandazi," alisema.

Walicheka wote wawili, kisha kicheko kikaisha, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa bado palepale. Mwezi ulikuwa na wiki na ushei kabla ya kuandama. Bi Kuruthumu akatazama barabara kwa muda mrefu. Mahmoud hakumsukuma. Hofu ile haikuwa yake, na hakuwa na haki ya kumpangia mama yake namna ya kuiacha.

"Mimi naweza kungoja mwezi," mama alisema mwishowe. "Mwaija je, atangoja?" Akajifuta uso kwa kanga. "Mpigie Hajra. Mwambie bibi yake wa visheti ameliachia gari."

Kesho yake Mahmoud alilileta gari, amesomewa dua mlangoni asubuhi, amewekewa sadaka mfukoni aitoe njiani, na ameapishwa asiendeshe kwa mbio kuliko punda. Bi Kuruthumu aliingia na kutoka nyumbani mchana kutwa akitega sikio kusikia mlio, na kwa kuwa mlio haukuwapo, alishtukia mwanawe amesimama mbele yake mzima, anacheka. Alimshika uso kwa mikono miwili. Haji kinyozi naye alishtukia mashine yake ikichomolewa ukutani ili gari lichajiwe, na mteja mmoja akaenda msikitini na nusu ya kichwa.

Waliondoka baada ya swala ya alfajiri. Bi Kuruthumu alikaa kiti cha nyuma na ndimu mkono mmoja na mfuko wa kutapikia mkono wa pili, kanga ameivuta hadi puani, macho kayafumba. Mahmoud alikuwa akimwangalia kwenye kioo zaidi kuliko alivyoangalia barabara. Walipofika Makurunge, mama akasema, "Simamisha."

Mahmoud akatafuta pa kuegesha. Akasimamisha. Yote yale, akajiambia, kumbe hata umeme haufai. Mama yake akateremka, akasimama kando ya barabara, akaangalia kulia, akaangalia kushoto.

"Mama, unajisikiaje?"

"Hapa ndipo ninapotapikaga," alisema Bi Kuruthumu. "Miaka yote sijawahi kupaona. Kumbe ni pazuri." Akaitupa ndimu majanini, akapanda tena, safari hii mbele, na kutoka hapo mpaka Saadani hakunyamaza. Alitaka kujua lile shamba la nani, ile minara ya nini, na wale twiga mbona hawakimbii. Mahmoud akamweleza kwamba hawakimbii kwa sababu hawawasikii. Mama akasema hata wanyama wanapenda mtu anayepita kwa adabu.

Amiri aliwapokea uani kwa ishara tu, kidole mdomoni, maana walikuwa hawajamwambia mgonjwa asije akangoja bure. Mwaija alikuwa amelala amegeukia ukuta, mdogo kuliko Mahmoud alivyomkumbuka, na uji wake haujaguswa.

"Mwaija," Bi Kuruthumu aliita kutoka mlangoni. Kwa mazoea ya simu, aliita kwa kelele.

"Naam, Kuruthumu," Mwaija alijibu bila kugeuka. "Leo simu inasikika vizuri. Amiri, umeiweka wapi?"

Bi Kuruthumu aliingia. Alivua viatu, akaenda akakaa kitandani, akamwekea dada yake mkono begani. Mwaija akaugusa ule mkono, akaupapasa kidole kimoja kimoja, kisha akageuka. Walilia mpaka Amiri na Mahmoud wakatoka nje, mmoja akisingizia kuni na mwingine akisingizia gari.

Waliporudi, bakuli la uji lilikuwa tupu na Mwaija alikuwa ameegemea mto, anamgombeza mdogo wake kwa kukonda. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," Amiri alisema, na akaenda haraka kutafuta samaki, maana kula kwa mama yake kulikuwa habari ya kuchinjiwa, na kuku hakuwapo karibu.

Alasiri ilipoingia Mahmoud akapiga hodi. "Mama, tujiandae, tusije tukakutwa njiani na giza."

"Twende wapi?" aliuliza Bi Kuruthumu.

"Nyumbani, mama."

"Mfungo tano huu. Mtu hasafiri."

Mahmoud akadhani hakusikia vizuri. "Mama, si tumesafiri asubuhi?"

"Ndiyo, na Mungu ametuvusha salama. Sasa twende tena tukamjaribu? Mpaka mwezi uandame. Na wewe huondoki peke yako na gari jipya, sitaki kuzungumza sana."

"Mimi mwenyewe nisingemruhusu," Mwaija alidakia. "Safar si mwezi wa kuchezea."

Mahmoud alizitazama zile nyuso mbili zilizofanana, moja imenona, moja imekonda, zote zimekaza kama za majaji. Alimtafuta mama yake machoni ile hofu aliyoijua tangu utoto, ya mlango uliosimamiwa jioni, ya lori lisilorudi. Haikuwapo. Alikuwa mwanamke aliyeshiba furaha na hataki kuondolewa kwenye sahani.

Kulikuwa na nyumba tatu Bagamoyo zinamngoja azitie waya, na Haji bila shaka ameshakirudisha kiti ukutani. Zitangoja. "Sawa, mama," alisema. "Mpaka uandame."

Alipokuwa anatoka alimsikia Mwaija akivuta mto. "Sogea ukutani," alikuwa anamwambia mdogo wake. "Tangu tukiwa wadogo wewe ndiye wa ukutani, mimi ndiye ninayezuia usianguke." Bi Kuruthumu akasogea. Mahmoud akaufunga mlango taratibu, akaenda kumwuliza Amiri kama nyumba yao ina soketi karibu na uani.